Kitabu cha Kole na Pilipili

Wiki iliyopita binti yangu Neema alinijia jikoni na kikombe cha plastiki mkononi, akaniomba unga wa muhogo. Nikamuuliza wa nini.

"Ya kole," akasema. "Mwalimu alisema kila mutoto atengeneze kitabu ya Noeli ya kupatia muzazi. Yangu ni ya papa. Weye niko nakuona kila siku."

Nikampa unga. Nikateleka maji kidogo kwenye sufuria ndogo, nikakoroga mpaka kole, gundi yetu ya unga, ikawa nzito na kung'aa kama kamasi. Harufu yake si ya ugali, ingawa unga ni uleule. Ina uchachu, kama nguo iliyoanuliwa mbichi. Neema alisimama karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, akinitazama.

"Mama, Kalemie ni mbali? Meli itamufikishia mbele ya Noeli?"

Niliendelea kukoroga kitu ambacho kilikuwa kimeshaiva.

Baba yake hayuko Kalemie. Yuko Kimanga, hapahapa Uvira, kwa mwanamke mwenye kibanda cha kuchaji simu. Kutoka kwetu Rugenge ni nusu saa kwa miguu, tena ukisimama njiani kusalimia watu. Mimi ndiye niliyemwambia Neema kwamba baba anafanya kazi kwenye meli huko Kalemie. Miaka miwili sasa. Naandika haya kwa watu wa rika langu, mliolelewa na akina mama waliokuwa na majibu ya namna hiyo, nanyi mkayabeba mpaka ndani ya nyumba zenu.

Mimi pia nilitengeneza kitabu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Mama aliuza mawese. Asubuhi na mapema alifunga vidumu vyake, akavuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira, akauza Bujumbura, jioni akarudi na sabuni na miguu iliyovimba. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, mbali kule Fizi, nyuma ya milima, mahali pasipo barabara wala simu. Ndivyo nilivyoambiwa. Niliyajua machimbo yale kuliko nilivyoijua njia ya shule. Nilijua mashimo yake, tochi zilizofungwa kwenye paji la uso, wanaume wanaotembea siku nne na magunia kichwani. Hakuna aliyenisimulia hayo yote. Niliyajazia mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa akisema maneno mawili tu, "iko machimbo," kisha anatafuta kitu cha kuosha.

Shuleni kwetu kulikuwa na desturi. Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Noeli, kila mtoto wa mwaka wa tatu alisimama mbele na kitabu alichokitengeneza mwenyewe, akasoma matakwa yake ya heri ya Noeli na ya Bonane, yaani mwaka mpya, kisha akakipeleka kwa baba au mama aliyekaa kwenye benchi za nyuma. Asiye na mtu kwenye benchi alirudi na kitabu chake nyumbani. Mwalimu alimshika kichwa na kumwambia, "Kitafika." Nilikuwa nimeshasikia watoto wa miaka ya mbele yetu wakiambiwa hivyo. Mimi nilitaka cha kwangu kifike kweli. Niliamini kwamba baba haji kwa sababu ametusahau tulivyo, kama mtu anavyosahau sala asiposali. Akituona ndani ya kitabu, atakumbuka, atakuja kula Noeli na sisi.

Mama alinisaidia, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Alipita kwa mafundi waliokuwa wanajenga, akaleta mifuko mitatu ya simenti. Mfuko wa simenti una karatasi juu ya karatasi. Ya ndani kabisa imejaa vumbi, hiyo unaitupa, lakini ya katikati ni ngumu, safi, ya rangi ya mkate. Tuliikung'uta nje mpaka nyusi zetu zikawa nyeupe, tukaipiga pasi ya mkaa, tukaikata kwa kisu. Jalada lilitoka kwenye karto, boksi la sabuni. Uzi wa kushonea niliuokota ufukweni, kwenye nyavu mbovu ambazo wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wamezitupa, nao ulinikata vidole viwili.

Kwenye kole mama alitia pilipili. Aliiponda kavu, akaimwaga yote.

"Mama, ya nini?"

"Panya anapenda kole kuliko weye unapenda sukari. Na mende vilevile. Kitabu bila pilipili hakimalizi Bonane."

"Huko kwa papa kuna panya?"

Mama akanitazama. "Iko," akasema. "Munene."

Nilicheka. Nilidhani anazungumzia panya.

Kwa siku tatu macho yalinichonyota na pua ikanitiririka, nami nikabandika. Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa mshonaji, karatasi ya dhahabu ya pakiti za sigara kwa ajili ya nyota, maganda ya pipi za bonbon. Bluu niliitoa kwenye kidonge cha kufulia nguo, nikapaka ziwa, nikaweka na mitumbwi. Ukurasa niliojivunia ulikuwa wa dirisha. Karatasi ikipakwa mawese inaacha mwanga upite. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye karatasi za mama za kufunikia vidumu. Basi nikakata mraba katikati ya ukurasa, nikabandika karatasi nyepesi niliyoipaka mawese. Ukiuinua juani, mraba mzima unawaka rangi ya chungwa. Chini yake niliandika: "Papa, hili ni dirisha. Ukiwa ndani ya shimo na ukitaka jua, lifungue."

Ukurasa wa mwisho nilitaka uwe na sisi. Mimi nilijichora, lakini mama alinishinda kuchora. Kila nilipojaribu alitoka kama mbuzi. Picha yake tulikuwa nayo moja tu nyumbani, ile ya kwenye kadi ya uchaguzi. Wa kwetu mnajua kadi hiyo ni nini. Hatukuwa na kitambulisho kingine. Kwa kadi hiyo unapita barieri za barabarani, unapokea mzigo, unavuka mpaka, unathibitisha kwa askari kwamba wewe ni wewe. Mama aliihifadhi ndani ya soksi, chini ya godoro. Mimi niliijua kama picha ya mama. Nilichukua wembe, nikakata uso wake taratibu, bila kuharibu nywele, nikaubandika. Juu yake nikaandika: "Papa, huyu ni mama."

Asubuhi yake mama alivuta soksi ili aende mpakani. Nilikuwa nakunywa uji. Alitoa kadi, akaigeuza, akaiinua mbele ya uso wake, nami nikaliona jicho lake likinitazama kupitia lile tundu.

"Sasa minye ni nani?" akauliza.

Nilidhani ni mchezo. "Weye ni mama," nikasema.

Hakunipiga. Nilikuwa nimeshajikunja, kwa sababu kwake kofi lilikuwa linatangulia maneno. Alienda kilipokuwa kitabu, akafunua mpaka mwisho, akajitazama pale kwenye karatasi ya simenti. Uji wangu ukashika ngozi juu. Kisha akachovya kidole kwenye kole na kupaka tena pembe moja ya picha iliyokuwa imeinuka.

"Bandika muzuri," akasema. "Isianguke njiani."

Akafungua kamba za vidumu vyake. Siku hiyo hakuenda Bujumbura, wala kesho yake, wala miezi kadhaa iliyofuata. Aliuza mawese kwa vikombe kwenye soko la hapahapa, katikati ya wanawake wengine kumi waliouza mawese yaleyale, akisubiri ofisi impe kadi nyingine. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilifurahi tu kwamba sasa mama anashinda karibu.

Shuleni nilisoma matakwa yangu vizuri sana. Mwalimu akanishika kichwa. "Kitafika."

Siku mbili kabla ya Noeli alikuja Onko, mdogo wake baba, na baiskeli. Mama alikivisha kitabu mifuko miwili ya plastiki kwa ajili ya mvua ya milimani, akakifunga kwa kamba. Nilimpa Onko na mkate wa safari. Nilimwagiza amwambie baba asilipeleke dirisha karibu na moto, maana mawese yanashika. Onko alikuwa haangalii upande wangu. Alikuwa anapampu gurudumu ambalo lilikuwa limejaa.

"Utalala wapi njiani?" nikamuuliza.

"Nitaona."

"Siku nne za kwenda na nne za kurudi. Noeli itakupata njiani, Onko."

"Basi nitaimbia huko," akasema, akapanda baiskeli. Aliondoka kuelekea kaskazini. Fizi iko kusini. Nilikuwa na miaka minane na ziwa nililiona kila siku, kwa hiyo nilijua kusini ni wapi. Nikajiambia labda kuna njia ya kuzunguka.

Asubuhi ile nilikuwa nimefua na kuanika. Onko alirudi nguo zikiwa bado zinadondosha maji kwenye pindo. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na nusu gunia la mchele. Viatu vyake vilikuwa na tope jeusi, zito, lile tope la mashamba ya mpunga ya tambarare ya Ruzizi, ambalo ukilikanyaga linakuvua kiatu.

"Papa yako anasema aksanti," akaniambia. "Alifurahi."

"Ulisha kufika?"

"Nilifika."

Nilikimbia mpaka bombani, ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo, nikawatangazia. Niliwaambia kwamba Onko wangu amekwenda machimbo ya Fizi na kurudi siku moja, kwa baiskeli, na huko kwenye dhahabu kuna mchele. Halafu mmoja, aliyekuwa na ndoo ya kijani, akasema bila kugeuka:

"Siku hizi Fizi imesogea."

"Barabara wamesha tengeneza," mwingine akadakia.

"Njo maana mabwana zetu wanarudi mbio hivi."

Wakacheka, kicheko cha kushika tumbo, na mimi nikacheka nao. Niliona wanafurahi kwa ajili yangu. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama nyuma na dumu lake. Bila shaka alikuwa amesikia. Alisogea mpaka mbele ya foleni, akaiondoa ndoo ya kijani kwenye bomba ikiwa nusu, akaweka dumu lake, akalijaza mpaka mdomoni. Kicheko kiliisha hapo.

Noeli nilivaa gauni, nikakaa kwenye kizingiti tangu misa ilipotoka. Mama alipika ule mchele na samaki. Ulikuwa mchele mpya, unanukia hata kabla ya kuiva. Niliweka sahani tatu. Kila pikipiki, kwetu moto, ilipopita njiani nilisimama. Giza lilipoanza mama alichukua sahani ya tatu, akakigawa chakula chake kwenye sahani zetu mbili.

"Mwaka huu walikataza watu kutoka machimbo," akasema.

"Lakini alikiona kitabu?"

"Kula."

Nikala. Nilishiba, na ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapokumbuka.

Baadaye nilijua. Hakuna siku niliyoambiwa. Nilijua kama unavyojua kwamba jino limetoka, ulimi unakwenda pale, unakuta nafasi. Wakati nafika sekondari nilikuwa najua kwamba baba ana mke Mutarule, ana shamba la mpunga, ana watoto, na kwamba hajawahi kuingia shimo lolote isipokuwa la kuchimba choo. Mama hakujua kwamba najua, au alijua. Tuliendelea kusema "machimbo" kama watu wanavyoendelea kumwita mtu kwa jina la utani ambalo halichekeshi tena.

Mwanzoni mwa mvua hizi baba alikufa. Mama alikataa kwenda matangani. "Weye nenda," akasema. "Ni baba yako." Alikuwa anachambua ndagala, hakusimamisha mikono. Nilikwenda kwa moto ya kukodi, na Onko, ambaye sasa ni mzee, alipanda nyingine. Nilitazama saa tulipoondoka na tulipofika. Sitasema ni dakika ngapi. Nywele zangu zilikuwa bado hazijakauka.

Walinikaribisha vizuri, na ingekuwa rahisi kwangu kama wangenikaribisha vibaya. Mjane alinipa kiti na kuniita binti yangu. Nilikaa na mikono mapajani kama niko ofisini nasubiri mhuri. Sikulia. Watu waliniona, wakasema huyu wa Uvira ana moyo mgumu. Moyo sikuusikia kabisa, mgumu wala laini.

Siku ya tatu binti yao mkubwa, Riziki, ambaye ni kama miaka mitano chini yangu, alitoa vitu vya marehemu kwenye sanduku ili vianikwe. Redio. Koti. Chini kabisa, kitabu changu.

"Hii tulikuwa tunasomaka kila Noeli," Riziki akaniambia. Alikishika kwa mikono miwili, na uso wake ulilegea. "Papa alituambia aliiagizaka mujini kwa fundi wa bitabu. Alikuwa anatuinulia hii dirisha asubuhi, kila mutoto na zamu yake. Angalia."

Akainua ukurasa juani. Mawese yalikuwa yamekuwa meusi pembeni, lakini katikati paliwaka.

"Tulikuwa tunajiuliza tu ni shimo gani hii wanasema. Papa akasema ni kisima."

Nikamwomba anifungulie mwisho. Mama alikuwa pale. Miaka ishirini na kitu, shingo ndefu, nywele zimefumwa, anatazama kamera ya serikali kama anayetaka kuipiga. Mtu alikuwa amemchora ndevu kwa kalamu ya biki.

"Huyu tulimuita mama wa kitabu," Riziki akasema. "Ndevu ni mudogo wangu alimutia. Papa alimuchapa siku ile, alimuchapa vibaya. Hatukujuaka juu ya nini."

Nilipekua jalada, mbele na nyuma. Jina langu halikuwepo. Sikuwa nimeliandika. Nilikuwa nimeandika "Kwa Papa" tu, kwa sababu nilijua atajua.

"Minye ndiye niliyekitengeneza," nikamwambia. "Na huyu ni mama yangu. Hiyo ni kadi yake ya uchaguzi."

Riziki alinitazama, akakitazama kitabu, kisha akaanza kukipangusa kwa kitenge chake ingawa hakikuwa na vumbi. Alipangusa mpaka nikataka kumshika mkono. Mwisho akaninyooshea.

"Basi chukua. Ni yako."

Ningependa kuandika kwamba nilisema neno zuri. Nilimwambia kikae. Mikono yangu ilikataa kukipokea, ni hivyo tu. Na yeye ndiye aliyeinuliwa dirisha asubuhi. Mimi nililipaka tu.

Niliporudi, mama aliuliza kwanza kama mvua imenipata njiani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, harakaharaka, hata ndevu. Kwenye ndevu alicheka. Alicheka kidogo, kwa pua, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye magamba ya samaki.

"Panya hawakukila?" akauliza.

"Hapana."

"Na picha? Kole ilishika?"

"Ilishika, mama. Hata pembe."

Akatikisa kichwa cha kukubali, akarudi kwenye ndagala zake. Nilibaki pale mlangoni. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, makali, niliyoyapanga njia nzima kwenye moto. Kwamba alijua ni Mutarule. Kwamba alinivalisha gauni na kuniacha nikae kizingitini. Nikayatazama mabega yake, nikaona alikuwa amekaa kizingitini na mimi.

Na wiki iliyopita ni mwanangu aliyekuwa amesimama karibu na mbabula, na kole ilianza kupoa. Kitabu chake kilikuwa cha daftari la zamani, na juu ya jalada alikuwa amepanga vifuniko vya yoghurt, vikisubiri kole. Akaniuliza mara ya pili.

"Mama. Meli itafikisha?"

"Hapana," nikasema. "Papa yako hayuko Kalemie. Iko Kimanga."

Alikunja uso. "Kimanga gani?"

"Hii ya hapa."

"Ile ya soko, tunapitaka?"

"Ile. Anaishi pale na mama mwingine. Nilikudanganya. Tutakipeleka kwa miguu, weye na minye, na utamupa mwenyewe kwa mukono. Akikataa, utakuwa umeona."

Nilingoja alie. Hakulia. Alitazama miguu yake, akatafuta kwa macho sandali zake zilipo, kama mtu ambaye ameambiwa gari linaondoka sasa.

"Bado," nikamwambia. "Hatujabandika."

Nikamwaga pilipili ndani ya sufuria, nikakoroga tena, tukapiga chafya wote wawili. Kisha nikampa biki.

"Andika kwanza jina lako. Juu ya jalada. Kubwa."

Akainama akaandika, ulimi nje, herufi moja baada ya nyingine, mpaka nafasi ikamwishia na ile A ya mwisho ikabidi aipeleke chini.